Joto la Kibiro
Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, harufu ya salfa hukupokea kabla hujaona maji yanayotoka ardhini yakifuka mvuke. Hatua chache tu kutoka hapo, akina mama wanachemsha maji ya chumvi kwa kuni!

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Hoima. Umeme ukikatika, kazi imelala. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mabwawa ya Mto Nile: Nalubaale, Bujagali, Karuma. Kenya walianza kuzalisha umeme wa jotoardhi, yaani kwa mvuke wa chini ya ardhi, huko Olkaria mwaka 1981 na megawati 15 tu. Sisi tuna joto kama hilo Katwe, Buranga, Panyimur na Kibiro.

Kuchimba ni ghali, na kisima chaweza kukosa mvuke. Basi serikali ibebe hasara hiyo ya mwanzo. Na akina mama wa chumvi waulizwe kabla mtambo haujateremshwa.