Shamba la Bibi na jina lililohamia kwa jirani

Mtu akikuambia Simba iliipiga Yanga 6-0 "kwa Mkapa", msahihishe kwa upole. Mechi ile ya tarehe 19 Julai 1977, ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake, ilichezwa Uwanja wa Taifa. Na Uwanja wa Taifa wa mwaka ule ndio huu tunaouita Uhuru leo, Shamba la Bibi, pale pale Temeke ubavuni mwa ule mkubwa wa Benjamin Mkapa, ambao mashabiki huuita "kwa Mkapa". Majengo hayakusogea. Jina la Taifa ndilo lililohamia kwa jirani, baadaye nalo likabadilishwa, na lilipohama lilibeba historia isiyokuwa ya jirani huyo.

Kanuni ya kusoma magazeti ya zamani ni nyepesi. Ukikuta "Uwanja wa Taifa" katika habari ya kabla ya 2007, soma Uhuru. Ukikuta jina hilo kati ya 2007, ule wa watu 60,000 ulipofunguliwa, na Julai 2020, soma Mkapa. Habari ya mwaka 2007 wenyewe itazame mwezi. Julai 2020 ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba uwanja mkubwa utaitwa Benjamin Mkapa, na alitangaza hayo wakati taifa linamuaga Mkapa ndani ya Uhuru. Yaani jina la uwanja mpya lilitolewa kwenye uwanja wa zamani.

Ukishaielewa kanuni hiyo, utaona mzigo uliobebwa na Shamba la Bibi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa hapo na ya Tanganyika ikapandishwa. Mwaka 1979 Taifa Stars waliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha wakaenda Ndola kutoa sare ya 1-1 na kukata tiketi ya fainali za Afrika za Lagos. Mwaka huo huo Simba walifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, watu wakakata tamaa, halafu wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Novemba 1993 Simba walirudi kutoka Abidjan na sare tasa dhidi ya Stella, fainali ya Kombe la CAF ikawa mikononi, wakafungwa 2-0 mbele ya watu wao. Oktoba 1999 Watanzania walipanga foleni hapo kumuaga Mwalimu Nyerere. Kijana anayeamini historia ya soka la Dar inaanza na "Kwa Mkapa hatoki mtu" anapunjwa yote hayo.

Viwanja vyote viwili vina njia ya riadha kuzunguka nyasi, na jambo hilo linaathiri mchezo kuliko watazamaji wengi wanavyodhani. Njia ya kawaida ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 na mapinde yenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Weka ndani yake uwanja wa mita 105 kwa 68. Pembeni, kati ya mstari wa kurushia na ukingo wa njia, zinabaki mita 2.5. Nyuma ya goli inabaki nafasi ya mita 26, na ukiongeza njia nane za wakimbiaji, shabiki wa nyuma ya goli anakaa zaidi ya mita 35 kutoka kwa kipa. Ndiyo maana kelele zao hufika zimepoa.

Kwenye kona mambo ni kinyume, kwa sababu pinde linakata pembe ya uwanja. Kutoka kwenye kibendera hadi ukingo wa njia haifiki hata mita moja. Mpigaji akirudi nyuma hatua tatu ameshakanyaga sakafu ya riadha, na njumu hazishiki sakafu hiyo kama zinavyoshika nyasi. Wazoefu huanza kukimbia kwa hatua fupi, au hujipanga sambamba na mstari wa goli. Shiza Kichuya alipiga kona katika mazingira kama hayo tarehe 1 Oktoba 2016, mpira ukaingia moja kwa moja, Yanga 1 Simba 1. Siku hiyo hiyo viti viling'olewa, serikali ikazizuia klabu zote mbili kutumia uwanja mkubwa, zikarudi Uhuru.

Huko Uhuru walikuta nyasi bandia. Wengi wanazilaumu, lakini sababu ya kuziweka inaeleweka. Uwanja unaopokea gwaride, hadhara na mechi mfululizo huua nyasi za asili: buti hushindilia udongo, hewa haifiki kwenye mizizi, na masika ikifika maji hutuama juu badala ya kuzama. Ila nyasi bandia nazo zina kazi yake. Katikati ya nyuzi hujazwa mchanga chini ili zuria lisinyanyuke, na chembe za raba juu ili kupunguza mshtuko wa miguu. Chembe hizo huhama. Hupungua haraka mbele ya goli, kwenye nukta ya penalti na kwenye kona, nyuzi zikalala na mpira ukaanza kuteleza. Dawa yake ni kupitisha brashi mara kwa mara na kujaza upya sehemu hizo kwa mkono. Jua la saa tisa alasiri ni tatizo jingine: zuria hupata joto kuliko hewa, na kumwagilia kabla ya mechi husaidia kwa muda mfupi tu.

Kubwa kuliko yote ni watu. Uhuru ni uwanja wa watu wapatao 23,000. Tarehe 21 Machi 2021, wananchi walipokwenda kumuaga Rais Magufuli, walifariki watu 45 katika msongamano. Mungu awarehemu. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja unahesabu kwamba kila mita moja ya upana wa njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, na ngazi hupitisha 66. Ili watu 23,000 watoke kwa dakika nane, unahitaji mita 35 za milango tambarare iliyo wazi, bila gari wala meza ya tiketi mbele yake. Geti moja likifungwa "kwa muda tu", hesabu hiyo imevunjika. Na hesabu ni ya kutoka: watu wanaoingia wakikutana na wanaotoka kwenye geti hilo hilo, hakuna upana unaotosha. Wa nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni kwamba mbele hakuna pa kwenda.