Mkopo wa gari yadi, usiulize ya mwezi tu
Ukienda yadi kuchukua gari la mkopo swali la kwanza ni "kwa mwezi unaweza ngapi", na hapo ndo mchezo wote ulipo, maana muuzaji akishajua anarefusha muda mpaka rejesho linaonekana dogo kumbe jumla imepaa. Wa kwangu nilimwambia aniandikie bei ya keshi, riba na jumla mpaka mwisho, akaanza kujikuna kichwa eti kompyuta iko slo 😂. Riba ya flati ndo balaa kabisa, unalipia riba ya deni zima hata ukishamaliza nusu. Halafu cheki raba ya pedali ya breki, ikiwa imelika sana na kilomita zinasoma chache, mita hiyo itilie shaka. Na uliza, ukilipa mapema wanakukata faini?