Kijana wangu ni propu, ikabidi niielewe skramu

Kijana wangu alipowekwa propu, yaani mmoja wa wale wa mstari wa mbele, kwenye timu ya raga ya shule nilikosa amani kabisa, kila skramu ikipigwa, pale timu mbili zinapoinama zikashikana na kusukumana kugombea mpira, mi nashika kichwa. Kumtoa sikutaka, anaupenda sana huo mchezo, basi nikaamua bora nielewe. Nikawa naenda mazoezini jioni nasimama pale kando namuuliza kochi maswali, akanivumilia.

La kwanza aliniambia, "Mama, sahau mpira kwanza, angalia mabega na viuno." Kichwa na mabega havifai kushuka chini ya kiuno, maana vikishuka skramu inaanguka, na kuna watu wanane kila upande wanasukuma, so uzito wote unaishia kwa shingo za wale watatu wa mbele.

Halafu zile amri za refa: krauchi (inameni), baindi (shikaneni), seti (ingianeni). Kwangu mimi hiyo baindi ndo ya maana kuliko zote. Zamani walikuwa wanaachana nafasi alafu wanavamiana kwa kishindo, lakini tangu 2013 lazima propu amshike jezi mpinzani wake kwanza, mgongoni ama ubavuni, ndio refa aseme seti, kwa hivyo ule mgongano umepungua. Kushika mkono wa mpinzani hairuhusiwi, kumvuta chini pia ni penalti. Kochi alikuwa anamwinulia kijana wangu kiwiko kwa mkono wake, tena na tena, "juu, juu!", coz kiwiko kikiangalia chini mpinzani naye anavutwa chini.

Kitu kilinituliza zaidi ni kwamba watoto wa chini ya miaka 19 wana masharti yao, hawasukumi zaidi ya mita 1.5 na skramu ikizunguka kupita digrii 45 refa anapuliza, wakubwa ni 90.

Na mzazi mwenzangu, uliza nani anaingia propu akiumia. Juzi timu ya wageni iliishiwa watu wa mbele waliofunzwa, refa akasema hakuna kusukuma tena, watu wakaanza kelele eti mechi imeharibiwa. Nikamwambia jirani yangu hapana, hiyo ni sheria, mtoto ambaye hajafunzwa hiyo nafasi hawekwi pale hata kama timu inapoteza.