Tunamsubiri shangazi: siku moja ya muuguzi wa Tanga huko Māngere

Saa 11:30 alfajiri

Julai kwetu Tanga ni kipupwe. Unajifunika shuka moja na kulalamika baridi. Huku Māngere, mtaa wa jiji la Auckland, New Zealand, pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa kuni. Naswali, nanywa chai ya tangawizi, nawasha gari na kungoja kioo kiyeyuke barafu.

Saa 2 asubuhi

Kituo chetu kinahudumia watu wa visiwa vya Pasifiki: Wasamoa, Watonga, watu wa Visiwa vya Cook, Niue na Fiji. Siku inaanza kwa wimbo wa dini na sala, zamu kwa zamu. Mimi Mwislamu nasimama kimya nyuma na hakuna aliyewahi kunihoji. Zile sauti nne zikipandana, hata asiyejua neno moja anasisimka. Orodha ya wagonjwa inafuata baadaye.

Ukutani pana mchoro wa nyumba ya Kisamoa, fale. Aliyeubuni ni muuguzi mwenzetu, Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, mzaliwa wa Samoa. Msingi ni familia, paa ni utamaduni, na kati yake nguzo nne: mwili, roho, akili, na mengineyo kama umri, jinsia na kipato. Mchoro mzuri, ila kuutundika ni kazi ya msumari mmoja. Nimeukuta hata kwenye ofisi ambako mgonjwa anasimamishwa dirishani na kuulizwa namba yake kabla ya jina.

Saa 3:30

Bibi wa Kisamoa, kisukari na jongo. Kwa mzee yeyote hapa sipigi hodi kabla ya saa 3. Miaka ya 1970 polisi walizivamia nyumba za watu wa visiwani alfajiri, wakisaka waliopitiliza viza, huku waliopitiliza kutoka Ulaya na Marekani wakilala usingizi wao. Serikali iliomba radhi rasmi tarehe 1 Agosti 2021; waziri mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern, aliketi akafunikwa mkeka laini, kama afanyavyo mkosaji wa Kisamoa anapongoja kusamehewa. Hata hivyo, gari geni likisimama nje, bibi anachungulia pazia kwanza. Nami nabaki ndani ya gari mpaka anitambue.

Navua viatu, napita mbele yake nimeinama huku nikisema "tulou". Hilo sikuhitaji semina. Bibi yangu angenichapa ningepita mbele ya wazee nimesimama wima.

Sukari imeshuka, miguu haina kidonda, dawa zipo. Dakika 40, na 30 kati yake ni habari za wajukuu.

Saa 5

Nyumba ya Watonga. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kijana ana miaka 12. Mwaka jana aliumwa koo, likaachwa lipoe lenyewe, likazaa homa ya rumatiki: kinga ya mwili inapambana na vijidudu vya kooni, kisha inageuka na kuumiza viungo na vali za moyo. Katika nchi tajiri hivi, karibu watoto wote wanaopatwa nayo ni Wamaori na wa visiwani, na nyumba za baridi zenye kubanana zimechangia pakubwa. Cha kuizuia isirudi ni sindano ya penisilini kila siku 28, kwa miaka mingi.

Hospitali moja imeshamwandikia "hakufika" mara tatu. Barua zake ziko juu ya friji, hazijafunguliwa. Miadi ni asubuhi, ng'ambo ya mji. Mama anasafisha ofisi usiku kucha, baba yuko ghalani tangu alfajiri, na leo kaomba ruhusa.

Lakini hata mimi niliyewafuata nyumbani nilishindwa mara mbili. Nilieleza, nikachora moyo kwenye karatasi, mama akaitikia "ʻio, ʻio", baba naye, na kijana hakuchomwa. Nikadhani ni ukaidi. Mwenzangu Mtonga ndiye aliyeniuliza, "Umeshaongea na mehekitanga?" Yaani dada wa baba. Kwa Watonga shangazi yuko juu ya kaka yake na watoto wa kaka. Jambo zito haliamuliwi yeye hayupo, na wala hawatakuambia, maana kukukatalia usoni ni utovu wa adabu.

Nilijicheka. Mimi, niliyeozwa kwa kauli ya shangazi!

Basi leo tunamsubiri. Saa 5:15. Saa 5:40. Tumekaa mkekani, runinga imezimwa, simu yangu inatetema kwa ajili ya mgonjwa wa saa 6. Naizima. Wenyewe huita talanoa, maongezi yanayozunguka mpaka yafike yenyewe. Ukiyakatiza kwa swali la fomu, yanaanza upya.

Akaingia mama wa makamo, kiunoni kavaa kiekie, ule mkanda wa majani yaliyosukwa. Baba akamsogezea kiti. Shangazi hakumtazama kijana, akanigeukia mimi.

"Wewe wa wapi? Wazazi wako wapo?"

Nikamweleza Tanga, bahari, minazi, na kwamba nami ni shangazi wa watoto saba.

"Basi unajua," akasema.

Akauliza mambo manne tu. Inauma kiasi gani? Sana, nikamjibu. Akikosa moja? Moyo ukishaharibika unapona? Na nani atakayemchoma kila mwezi, wewe au mgeni mwingine? Nikasema mimi. Akamtamkia kijana maneno machache ya Kitonga, na kijana akalala kifudifudi.

Dawa hii ni nzito kama uji, na ikitoka kwenye barafu ni mateso. Nikaifumbata viganjani mpaka ikapata joto langu. Nikabonyeza dole gumba mahali pa kuchoma, sekunde 10, kisha nikasukuma taratibu, dakika karibu 3, nikihesabu kimoyomoyo. Shangazi kamshika kisogo, anaimba chini kwa chini. Kijana hakulia. Aliyelia ni mama yake.

Nikatoka na mfuko wa magimbi.

Saa 9 alasiri

Wagonjwa wawili nimewachelewesha, wote wamenielewa. Sasa niko kwenye simu na watu wa makazi, kwa ajili ya nyumba ya yule kijana. Kuna mpango wa serikali wa nyumba zenye afya, ulioanza 2013 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu: vitanda, mapazia, hita. Ofisa anashangaa, mbona binti wa miaka 15 analala sebuleni na nyumba ina vyumba vitatu? Namweleza: familia ni mbili, na kwa Watonga kaka na dada waliopevuka hawalali chumba kimoja. Kimya. "Hiyo niiandike wapi?" Namwambia aandike popote, mradi kitanda kije. Kuchoma sindano na kuwarudisha watoto wanne kwenye magodoro mawili chini ya dari yenye ukungu ni kuteka maji kwa pakacha.

Saa 10:30

Taarifa. Kompyuta inanipa dakika 20 kwa "mawasiliano na mgonjwa". Nilikaa saa 2 na dakika 10. Inauliza nani alikuwepo: mgonjwa, mzazi, mlezi, wengineo. Naweka alama kwenye "wengineo", na pembeni naandika "shangazi, mwenye uamuzi". Mfumo unakataa, maneno yamezidi. Nafuta "shangazi", nabakiza "mwenye uamuzi".

Saa 1 usiku

Tanga ni saa 4 asubuhi. Nampigia shangazi yangu, namsimulia yote. Anasikiliza, halafu:

"Na wewe ulimpelekea nini?"

"Nani?"

"Huyo mama. Kakupa magimbi. Wewe uliingia na nini mkononi?"

Kisanduku cha barafu na sindano, shangazi.

"Aibu," akasema, akakata simu. Nimehesabu siku 28 kwenye kalenda ya jikoni. Chini ya neno penisilini nimeandika: vileja, sahani mbili.