Madaftari ya Babu

Leo tumefungua sanduku la Babu. Wiki tatu tangu tumzike, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuligusa mapema.

Wengi hapa Kisumu mlimjua. Ndiye yule mzee wa baiskeli nyeusi aliyekuwa akiwasimamisha watoto barabarani na kuwauliza: mnajua mji huu uliwahi kuitwa Port Florence? Reli kutoka Mombasa ilifika hapa ziwani mwaka gani? Ukisema 1901, unapewa njugu.

Ndani tumekuta madaftari kumi na manne.

Kila habari ameiandika kwa penseli, na chini yake jina la aliyemsimulia, kijiji chake na siku. Hata habari ya samaki tu. Babu hakuwahi kuchukua neno la mtu bila kumtaja mwenyewe.

Nikafungua la mwisho. Hapo mwandiko umeshaanza kutetemeka, mistari inapanda juu. Ukurasa mmoja unaeleza jinsi magugu maji yalivyoziba ufuo wa Dunga, boti zikashindwa kutoka.

Chini yake: “Nimesimuliwa na mjukuu wangu.” Halafu jina langu.

Nilimwambia kwa simu, nikilalamika tu. Sikujua anaandika.

Bado nimekaa sakafuni, daftari mapajani. Nashindwa kulifunga. Linanukia tumbaku yake.

Jamani, kama uliwahi kuketi na Babu akakusimulia chochote, au wewe ukamsimulia, niandikie hapa chini. Taja na kijiji, na siku ukiikumbuka.

Nimeshanunua penseli.