Namba 19 iliyoninyima usingizi

Katika ripoti nzima ya kinasa ajali, kifaa cha garini kinachohifadhi kasi na breki kabla ya kugonga, wakili aliona namba moja tu: kasi ya mwisho kabla ya kugonga, kilometa 19 kwa saa. "Mteja wangu alikuwa karibu kusimama," akaniambia. Nilikuwa na miezi michache tu katika kazi ya kuchunguza migongano hapa Ohio, na data ile niliitoa kwa mikono yangu kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa, ambamo kinasa hicho kimo.

Nikarudi kwenye jedwali. Kinasa kile huhifadhi sekunde 5 za mwisho, kasi ikiandikwa kila nusu sekunde. 90, 90, breki imekanyagwa, 41, 19. Kutoka 90 hadi 41 ndani ya nusu sekunde? Hiyo ni karibu mara 3 ya mvutano wa dunia. Msuguano wa lami nilikwishaupima palepale barabarani: 0.7, yaani breki zingeweza kufikia mara 0.7 tu ya mvutano huo. Hakuna gari dogo linaloshika breki namna hiyo.

Usiku nikampigia kaka yangu, fundi magari Morogoro.

"Kaka, shikamoo. Magurudumu yakikamatwa na breki, spidi inasomaje?"

"Marahaba. Mshale unalala, mdogo wangu, hata kama gari bado linaserereka. Hilo lina ABS?"

Halikuwa nayo, mfumo ule wa breki unaozuia magurudumu kukamatwa. Kinasa kilihesabu mzunguko wa magurudumu, na magurudumu yalikuwa yanakaribia kusimama huku gari likiteleza juu yake.

Nikazishika alama za matairi: mita 22, zikaishia pale magari yalipokutana. Kutoka 90, kwa msuguano ule, gari liligonga likiwa na takriban 65.

Hesabu moja haikunitosha. Kwenye gari la pili kulikuwa na mama aliyevunjika nyonga, na sikutaka kumkosea yeye wala dereva. Nikaangalia kasi iliyopotea katika mgongano wenyewe. Hiyo hupimwa na kihisi kilichomo ndani ya kompyuta, magurudumu hayaigusi. Ilikuwa 29. Gari lenye kasi ya 19 likipoteza 29, linarudi nyuma. Hili mikwaruzo ilionyesha limesonga mbele mita 7. Na 65 ukitoa 29 inabaki 36, ambayo kwenye lami ile huisha baada ya mita 7 na kitu.

Nikaandika 65, na chini yake sababu ya kuiacha 19. Wakili alinyamaza kwenye simu, kisha akaomba picha za zile alama.