Marumaru kutoka China hadi Moshi bila kuvunjika

Kontena lilipofunguliwa Moshi, marumaru za chini zilikuwa vipande. Fundi akalaumu barabara ya kutoka Dar. Mimi nikatazama maboksi. Yalilazwa bapa, yamebebana, na pembeni pana nafasi: meli ikiyumba, mzigo wote unateleza.

Kwa mzigo uliofuata nilimpa muuzaji masharti kabla ya kulipa salio. Marumaru zisimame kwa ubavu ndani ya kreti, kona zikingwe, mapengo yajazwe mifuko ya hewa. Mbao za kreti ziwe na mhuri wa kupashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wasisafiri nazo. Kontena la futi 20 latosha, maana marumaru hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa. Nikadai na picha kabla mlango haujafungwa (hapo alinung'unika kweli). Zilizovunjika safari hii hazikujaza ndoo.